Nguzo Ndefu ya Sagalla

Mtu yeyote aliyekulia Voi anajua ni mlima upi una maji. Hahitaji kuuliza. Anasimama sokoni asubuhi, anatazama upande wa milima ya Taita, anaona mawingu yamekalia huko juu Werugha na hayana haraka ya kuondoka. Kisha anageuza shingo kutazama Sagalla, anaona mlima uko wazi kutoka chini hadi juu, na mbingu juu yake haina hata wingu la kudanganyia. Werugha wanalima kabichi na kukama ng'ombe wa gredi, wale wa maziwa mengi. Sagalla wanapanda mahindi, halafu wanaomba. Haya niliyajua kabla sijajua kusoma, na katika miaka ya tisini nililipwa mshahara kuchora picha iliyosema kinyume chake.

Watu wananiambia ni zamani sana, niache. Mimi sitaki kuacha. Kuna hasira mtu anapaswa kuzitunza, na hii ni yangu.

Nilikuwa nimetoka Mombasa na cheti cha kompyuta, na wakati huo Voi kompyuta zilikuwa chache kuliko madaktari. Mradi mmoja wa maji, wa fedha za wafadhili wa ng'ambo, ulikuwa umekodi vyumba viwili vya juu kwenye jengo la mama mmoja aliyeuza vifaa vya nyumbani na vya ujenzi. Familia yake ilitoka pwani vizazi kadhaa nyuma, na bado alizungumza kama aliyefika jana. Kazi yangu ilikuwa kupokea majibu ya watu kutoka vijijini, kuyaingiza kwenye kompyuta, kuyapanga katika majedwali, na mwisho kutoa ripoti na chati za rangi. Mradi ulikuwa na uwezo wa kujenga mahali pamoja tu: tangi moja, pampu moja, bomba moja. Ripoti ndiyo ingesema ni wapi.

Mama yangu aliishi Sagalla. Nyonga yake ilikuwa imeharibika, na kila alfajiri alishuka kisimani chini ya mlima na kupanda na mtungi wa plastiki mgongoni, kamba ikimkaza paji la uso. Nilipopata ile kazi niliona Mungu amenikumbuka. Sikutaka upendeleo, na sikuuhitaji. Nilijua ukweli ukiandikwa tu kama ulivyo, bomba litapanda Sagalla.

Meneja wetu alitoka Nairobi. Hakuwa mwizi. Afadhali angekuwa mwizi, maana mwizi anajua anachofanya. Huyu alikuwa amehudhuria semina mahali akarudi na mapenzi ya chati. Barua hakusoma, hadithi hakusikiliza. Ukianza kumweleza jambo alikuwa anainua kiganja na kusema, "Usinielezee. Nichoree." Basi nikamchorea. Zile chati za duara ofisini tuliziita chapati, zile za kusimama tukaziita nguzo. Alipenda nguzo kuliko chapati, kwa sababu, alisema, nguzo hata mtu aliyelala anaona ipi ni ndefu.

Maswali ya kuuliza watu hayakutungwa Voi. Yalikuja tayari kutoka makao makuu ng'ambo, yale yale kwa nchi zote, ili nchi ziweze kulinganishwa. Swali kuu lilikuwa hili: wakati wa mahojiano, je, kuna maji ndani ya nyumba? Anayehoji aombe kuonyeshwa. Yakiwepo, aandike moja. Yasipokuwepo, sufuri. Swali lililofuata liliuliza maji yanatoka umbali gani, kwa kilomita. Vijana waliokodiwa walikwenda nyumba kwa nyumba, na karatasi zikaanza kurudi ndani ya magunia, zimejaa vumbi letu jekundu.

Nilianza kuingiza. Sagalla: moja, moja, moja, moja. Nikafikiri bahati. Nikaendelea: moja, moja, moja. Nilipofika Werugha, sufuri zikaanza kuja zikifuatana. Nilisimama nikadhani nimechanganya magunia. Nikarudi kwenye karatasi zenyewe, nikasoma jina la kijiji juu ya kila moja, na sikuwa nimechanganya kitu. Nikaiambia kompyuta ichore. Nguzo ya Sagalla ikapanda mpaka karibu itoke juu ya skrini. Nguzo ya Werugha ilikuwa fupi kama kigoda cha jikoni.

Nilicheka peke yangu. Nikaipiga chapa ile karatasi nikampelekea meneja kama mzaha, nikingoja naye acheke. Hakucheka. Aliishika kwa mikono miwili, akaipeleka dirishani kwenye mwanga.

"Unaona sasa," alisema. "Hii ndiyo maana ya data. Watu wanadhani wanajua, kumbe hawajui."

"Bosi, toka hapa kwenye roshani uangalie. Milima yote miwili unaiona. Angalia upi una mawingu."

"Mawingu si data."

Alisema hivyo, na uso wake ulikuwa wa mtu anayefundisha. Nilirudi kwenye meza yangu.

Lakini nilikuwa bado na swali la pili, la umbali, na hapo nilikuwa na matumaini. Kwenye karatasi za Sagalla watu hawakuwa wametaja kilomita. Nani amepima kilomita kwenda kisimani? Walikuwa wamesema, na vijana wakaandika kama walivyosikia: ukitoka alfajiri unarudi watoto wakiwa mapumziko. Ukishuka unapumzika mara moja, ukipanda usiniulize. Mwingine alijibu kwa kifupi kwamba inategemea ndovu wamelala wapi. Mtu yeyote mwenye akili akisoma safu ile ya majibu angepata kiu. Nikamwonyesha meneja. Alipitisha kidole juu ya skrini, kutoka juu hadi chini, bila kusoma hata jibu moja.

"Hizi si namba. Kompyuta haiwezi kuchora hii. Safisha."

Kusafisha ndilo neno lililotumika. Kabla ya kuchora chochote, data husafishwa: jina lililoandikwa vibaya linarekebishwa, karatasi iliyoingizwa mara mbili inaondolewa. Hiyo ni kazi halali na niliifanya vizuri. Nikamwambia njia ile naijua, nimeipita tangu nikiwa mtoto, naweza kuyageuza majibu yote yawe saa za kutembea, yawe namba. Akasema nikifanya hivyo nitakuwa nimebuni data, na kubuni data ni kosa la kufukuzwa kazi. Basi safu nzima ikafutwa. Nikaona kwa macho yangu shida ya mama yangu ikiitwa uchafu.

Jioni niliteremka dukani chini. Mama mwenye duka aliniona sura akaniwekea kiti bila kuuliza. Nilimweleza juu ya nguzo mbili. Alisikiliza huku akifunga misumari kwenye gazeti.

"Mwanangu, nikwambie kitu," alisema. "Wiki ile vijana wenu waliyokwenda Sagalla, mimi mitungi yote ilinishia dukani. Wote wanunuzi ni wanawake wa Sagalla. Nikadhani kuna harusi kubwa huko. Nikawauliza, harusi ya nani? Wakacheka tu, hawakunambia."

Nilikwenda nyumbani Jumamosi ile ile. Chini ya upenu wa nyumba ya mama kulikuwa na mitungi imepangwa ukutani, mingine bado ina karatasi ya dukani. Nikamuuliza ni ya nini. Akafurahi kwamba nimeiona.

Naibu chifu alikuwa ametangaza kanisani, mama alisema. Wageni wa mradi watakuja, watapita kila nyumba, watu wajiandae. Basi watu wakajiandaa. Siku moja kabla, wanawake wote walishuka kisimani, wakapanda, wakamwaga kwenye mapipa, wakashuka tena. Wasichana wakubwa hawakwenda shule. Jirani mwenye punda aliwachotea vikongwe. Aliyekosa kabisa alipewa na mwenzake. Asubuhi wageni walipofika, hakukuwa na nyumba hata moja mlimani isiyo na maji.

"Walikunywa wote," mama alisema. "Wengine walinawa na miguu. Hakuna nyumba ilituaibisha."

Nilimpigia mama yangu kelele. Niliongea maneno mpaka kuku wakakimbia uani. Nilimwambia yale maji yaliandikwa, kila kikombe kiliandikwa, na sasa Sagalla ndiyo inaongoza kwa maji katika wilaya nzima. Nilipomaliza akavuta kigoda akaketi, taratibu, kwa sababu ya nyonga.

"Ulitaka niseme nini? Mgeni amepanda mlima, amesimama mlangoni kwangu, ananiuliza kuna maji. Nimwambie nyumba ya baba yako haina maji ya mgeni?"

"Ndiyo."

"Wewe sema. Mimi siwezi."

Usiku huo, nikigeukageuka kitandani, nilielewa na sufuri za Werugha. Kule mfereji unapita kando ya nyumba, maji yanashuka yenyewe mchana kutwa kwenye matuta ya kabichi. Mwenye mfereji mlangoni anaweka maji ndani ya kitu gani? Akihitaji anatoka na sufuria. Kijana wa kuhoji ameuliza kama kuna maji ndani ya nyumba, mwenye nyumba amejibu kweli tupu kwamba ndani hakuna, na sufuri ikaandikwa huku maji yakipiga kelele dirishani. Hakuna aliyesema uongo, si Sagalla wala Werugha. Mjinga alikuwa swali lenyewe, na lilikuwa limetoka mbali kwa ndege.

Jumatatu nilimweleza meneja yote, polepole, kama mtu anayemlisha mgonjwa. Alikuwa na kalamu mkononi na hakuandika.

"Kwa hivyo unaniambia walidanganya?"

"Hawakudanganya."

"Maji yalikuwepo ama hayakuwepo?"

"Yalikuwepo, siku hiyo, kwa sababu…"

"Basi data iko sawa," alisema, na akaendelea kunywa chai yake.

Nimeishi na jibu lile miaka yote hii. Nimelipekua kila upande nikitafuta pa kulishika, na mpaka leo likinijia nikiwa naosha vyombo, naosha kwa nguvu kuliko inavyohitajika.

Ripoti ilisomwa katika ukumbi mmoja hapo Voi. Machifu walikuja, na wazee waliowakilisha milima, na mgeni mkuu, mama wa Kizungu mwenye kofia pana na sauti ya upole, aliyetumwa na wafadhili. Mimi nilikuwa nasimamia projekta. Kazi yangu ilikuwa kuweka karatasi ya plastiki juu ya kioo, picha iangaze ukutani, niitoe, niweke nyingine. Nilipoweka ile ya nguzo, watu wa Voi waliokaa nyuma waliguna. Walidhani nimeiweka kichwa chini. Mmoja alinikonyeza niigeuze.

Meneja akaeleza kwamba Werugha imeonekana kuwa na upungufu mkubwa, na Sagalla imeonyesha mfano. Akamwomba naibu chifu wa Sagalla asimame. Yule mzee akasimama, akavuta koti lake chini, na ukumbi ukampigia makofi. Alitabasamu. Hakuna aliyewahi kumpigia makofi katika ukumbi wenye feni. Nilimtazama akishangiliwa kwa kiu ya watu wake, akiwemo mke wake mwenyewe, na nikatamani ile projekta iungue.

Niliinua mkono. Meneja aliniona akasema maswali ya kitaalamu yatajibiwa ofisini. Nikasema swali langu si la kitaalamu, ni kuhusu kisima. Akacheka kidogo kwa ajili ya mgeni na kuniomba karatasi inayofuata.

Wakati wa chai nje nilimfuata mzee wa Werugha. Nilimwamkia, kisha nikamuuliza kama ni kweli kwake hakuna maji. Alinitazama kwa huruma kabisa.

"Binti yangu, kwetu tope haliishi hata Januari."

"Sasa mbona hukusema, mzee?"

"Mtu amekuja na sahani mpaka mlangoni kwako, utamwambia umeshiba? Hiyo ni kumtukana."

Hapo ndipo nilipotamani kukaa chini nilie. Sagalla walikuwa wameficha njaa yao kwa adabu, na Werugha wangepokea chakula wasichokihitaji, kwa adabu hiyo hiyo. Katikati alikaa mtu asiye na adabu yoyote, ana mashine, na alichokijua ni kuhesabu tu.

Lakini yule mama wa kofia akafanya jambo ambalo halikuwa kwenye ratiba. Alisema angependa kwenda Sagalla mwenyewe, ajifunze wamewezaje kutunza maji yao bila msaada wa mtu. Meneja akafurahi. Mimi nilifurahi kuliko yeye. Chati inaweza kusema inavyotaka, niliwaza, lakini mtu akipanda na miguu yake akakuta nyumba kavu, ataona.

Nilikwenda Sagalla kabla yao. Baada ya ibada niliwaomba wanawake wabaki uani kwa kanisa, nikawaeleza. Wageni wanakuja tena. Safari hii msichote. Wapokeeni, wakaribisheni, waketisheni kwenye viti vizuri, lakini maji yasiwepo. Waone pipa tupu. Siku moja tu ya aibu, kisha bomba maisha yote. Nilisema vizuri, nadhani. Walinisikiliza kwa heshima, wengine wamenibeba mgongoni nikiwa mdogo. Kisha mmoja akasema, si kwa ubaya, "Unatuambia tuvue nguo mbele ya wageni."

Mama yangu alikuwa ameketi pembeni akiupapasa mguu wake. Jioni aliponisindikiza barabarani nilimsihi tena, yeye angalau. Yeye tu.

"Rudi kazini," alisema. "Nitaona."

Siku yenyewe gari la mradi lilipanda likinguruma, mimi nikiwa nyuma na makabrasha magotini. Tulishuka kwenye nyumba ya mama kwanza. Mitungi ilikuwa chini ya upenu, na kabla sijaisogelea nilishajua kutokana na ilivyokaa kwamba imejaa. Mama alitoka na sinia la bilauri, zimefunikwa na kitambaa cha kufuma kile cha Krismasi. Mgeni akanywa akasema ni matamu. Dereva akanywa mara mbili. Meneja akanywa, akanitazama juu ya ukingo wa bilauri. Majirani nao wakaleta yao, na nyumba ya tatu walileta beseni wageni wanawe vumbi. Nilisimama pale nikitamani kuupiga teke ukarimu wote wa mlima ule uporomoke mpaka kwenye reli kule chini.

Walipoaga, mama alichukua mtungi uliobaki mtupu, akaufunga kamba, akaning'iniza kamba kwenye paji la uso.

"Mgeni husindikizwa," alisema. "Twendeni niwasindikize."

Kila mtu alidhani ni mpaka kwenye gari. Mama alilifikia gari akalipita. Akashika kile kinjia cha kushuka nyuma ya mlima, hakugeuka, anatembea na ule mguu wake mmoja mzima na mmoja wa kuazima. Mama wa kofia, kwa kuwa alikuwa na malezi, akamfuata mwenyeji wake. Meneja akamfuata mgeni. Na mimi nikawafuata wote, kwa sababu nilikuwa nimeelewa. Nilimkimbilia mama nikamwambia kwa lugha yetu, unawapeleka kisimani.

"Kusema ni aibu," alinijibu bila kupunguza mwendo. "Kuona si aibu. Wataona wenyewe."

Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda mama yangu kwenye kile kinjia. Kwa muda ule nilisahau hasira. Tulishuka kwenye mawe ya kuteleza, miiba ikishika nguo za wageni, tukapita kinyesi cha ndovu kikiwa bado kibichi, na hapo dereva akasema afadhali yeye alinde gari. Viatu vya meneja vilikuwa vya ofisini. Jua lilikuwa limeshapanda. Tukafika kwenye ile kona ambapo mlima unafunguka na unaona chini kabisa kisima chenyewe, na kando yake wanawake wadogo sana kwa umbali, wakingoja zamu zao. Pale ndipo sisi watoto tulipokuwa tukilia, kwa sababu ukifika pale unajua hujafika nusu.

Mgeni aliketi kwenye jiwe. Alikuwa mwekundu usoni na anahema. Alitazama kule chini, akanitia matumaini kwa muda ambao alitazama. Kisha akavua kofia, akajipepea, akasema kitu kwa meneja, na meneja akacheka kukubali.

"Anasema wanawake wa hapa wana nguvu sana," meneja alimwambia mama. "Anaomba kupiga picha. Simama hapo. Shika mtungi vizuri. Cheka kidogo."

Mama alisimama. Alishika mtungi. Akatabasamu, kwa sababu aliombwa na mgeni. Kamera ikalia.

"Mwambie bado hatujafika," mama alisema.

Meneja hakutafsiri. Alikuwa anafunga kamba za viatu. Basi nikatafsiri mimi, kwa Kiingereza chote nilichosomea, kwamba mwanamke huyu anasema bado hatujafika, kwamba maji uliyokunywa yametoka kule chini, na ni hivi kila siku. Yule mama wa kofia akanisikiliza. Nina hakika alisikia. Akamshika mama bega, kwa upendo wa kweli, akasema ameguswa sana, na kwamba kwa bahati mbaya muda umekwisha. Kisha akasema maneno ambayo meneja aliyaweka kwenye ripoti: kwamba hii ni jamii inayojitegemea.

Wakageuka kupanda. Mama hakugeuka. Alirekebisha kamba kwenye paji lake na kuendelea kushuka. Nilimwita nikamuuliza anakwenda wapi tena, wageni si wanarudi.

"Kuchota," alisema. "Ya nyumbani wameyanywa."

Meneja aliniita kutoka juu kwamba gari linaondoka. Nilikuwa na makabrasha yake mikononi. Niliyaweka juu ya lile jiwe alilokalia mgeni, nikaweka kokoto juu yasipeperuke, nikamfuata mama. Hiyo ndiyo barua yangu ya kuacha kazi, sikuandika nyingine. Tulipanda jioni na mtungi tukipokezana, na mimi nilitukana njia nzima kwa lugha zote nizijuazo, na mama, ambaye ni mtu wa kanisa, hakunikataza.

Bomba lilikwenda Werugha. Nimeliona. Limejengwa vizuri, na tangi limepakwa rangi, na karibu yake mfereji wa zamani bado unapita.

Mwaka uliofuata naibu chifu alileta kitabu cha ripoti kilichochapishwa ng'ambo kwa karatasi za kung'aa. Ukurasa mmoja ulikuwa na chati yangu, nguzo ya Sagalla imesimama juu ya zote kwa rangi ya buluu niliyoichagua mwenyewe. Kando yake ilikuwa picha ya mama kwenye ile kona, mtungi mgongoni, anatabasamu. Chini waliandika kwamba ni mkazi wa Sagalla akirudi nyumbani na maji. Mtungi ulikuwa mtupu na alikuwa anashuka.

Mama alikata picha ile kwa makasi akaitia kwenye fremu, nguzo ikabaki pembeni kidogo kwa sababu hakutaka kuukata mkono wake ulio kwenye picha. Iko ukutani mpaka leo, mkabala na mlango. Nilimwomba aiondoe. Niligombana naye juu ya picha ile kuliko nilivyogombana naye juu ya jambo lolote. Anasema alitoka vizuri. Kila mgeni akiingia anaonyeshwa, na kabla hajamaliza kuitazama mama ameshainuka, ameshikilia ukuta kwa ajili ya nyonga, anakwenda kumletea maji, hata siku ambayo pipani kimebaki kikombe kimoja.